Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Mkoa wa Haut-Katanga: trekta isubiri, tuchimbe bwawa

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha kilimo katika chuo kimoja nje kidogo ya Lubumbashi. Juzi niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho: nani amewahi kuvua samaki aliyemfuga mwenyewe? Hakuna aliyenyoosha mkono. Samaki wao wote wamechorwa ubaoni.

Wenzangu wanataka tukuombe trekta. Tunayo moja, iko chini ya mwembe, na kuku anatagia kwenye kiti cha dereva. Mimi naomba bwawa.

Banda la bata na kuku lijengwe ukingoni. Mavi yao yakiingia majini kwa kiasi, maji yanaota mwani, tilapia wanaula. Kiangazi kikifika, miezi ambayo hapa kwetu hata tone halianguki, maji hayohayo yanafunguliwa kwenye matuta ya lengalenga (mchicha). Tope la chini linakwenda kwenye mahindi, pumba na mabaki ya mboga yanarudi kwa bata. Mwanafunzi akizidisha mavi, kesho yake alfajiri anawakuta samaki wanahema juu ya maji. Mtihani wa namna hiyo haunakiliwi kwa jirani.

Nguruwe wangefaa pia, na mimi nyama yao naipenda, ila homa ya nguruwe haina dawa. Ikiingia zizini inafagia.

Udongo wetu mwekundu una asidi, na mbolea ya dukani ikitumika peke yake mwaka hadi mwaka inauzidishia. Udongo wa vichuguu una chokaa zaidi, wazee wanalijua hilo. Sisi tunauchoma matofali! Nao uwe somo shambani.

Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia, tunakonunua mahindi, na kila nyumba hapa ikawaza bukari, yaani ugali wetu. Vijana tunaowapa diploma ndio wangepaswa kulima mahindi hayo, lakini wengi wanaishia kuchoma makala (mkaa) au kufuata machimbo.

Ninachoomba ni mashine ya kuchimbia kwa siku chache, mabomba na uzio (samaki wa chuo wana wapenzi wengi usiku). Na mauzo yabaki chuoni, yanunue vifaranga wa msimu unaofuata.

Bwawa huchimbwa ardhi ikiwa kavu, Mheshimiwa. Novemba mvua itakuwa imesharudi.

Mwalimu wa kilimo, Lubumbashi