Brauni zako zinakauka kwa nini

Akinyi mwanangu,

Hujambo? Nimepitia vipimo vya brauni ulivyonitumia, vile vipande vizito vya chokoleti vya kuoka. Unga gramu 200 na dakika 40 ndani ya oveni: hiyo ni keki, ndiyo maana zinakukauka. Brauni nzito ni siagi na chokoleti. Unga ni wa kuvishikanisha tu.

Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20 pima chokoleti nyeusi gramu 200, siagi gramu 150, sukari gramu 220, mayai 3, unga wa ngano gramu 80, kakao gramu 25 na chumvi nusu kijiko cha chai. Usitumie ule unga unaoumuka wenyewe, maana utakupa sponji. Kakao iwe tupu. Chokoleti ya kunywa imejaa sukari na kakao yenyewe ni kidogo. Na kabla hujalipia chokoleti, soma karatasi yake. Ikiwa imetengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, itayeyuka vizuri lakini ladha itabaki nyuma.

Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, punguza moto, weka bakuli juu bila kugusa maji, uyeyushe siagi na chokoleti pamoja. Kausha bakuli na mwiko kabisa kwanza. Chokoleti inayoyeyuka ikidondokewa na maji kidogo tu hugandamana ikawa kama udongo, na hapo usijaribu kuiokoa kwa ajili ya brauni. Itie maziwa moto, inyweni. Ile nzuri iepue, iache mpaka kidole kivumilie joto lake, la sivyo mayai yataivia humo humo.

Sasa sehemu ambayo watu huiharakisha. Piga mayai na sukari dakika 4 au 5 mpaka rangi ipauke na mchanganyiko uwe mzito. Ile ngozi nyembamba inayong'aa na kupasuka juu hutokana na sukari iliyoyeyuka ndani ya mayai. Sukari yetu ya kahawia ina chembe kubwa, kwa hiyo isage kwanza kwenye blenda. Mimina chokoleti, koroga, kisha chekecha unga, kakao na chumvi juu yake. Geuza kwa mwiko kutoka chini kuja juu, na unga mweupe ukipotea, acha. Ukiendelea kukoroga unga utavutika kama wa chapati, na brauni itakuwa ngumu.

Kuna jambo la Nakuru pia. Hapa Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, nanyi huko mko karibu 1,850. Maji yenu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo unyevu hutoroka upesi, sukari inabaki imejikusanya, na pembeni panakuwa kama peremende. Punguza sukari gramu 20 na uongeze unga kijiko kimoja cha mezani.

Tandika karatasi ya kuokea, washa oveni mapema ifike nyuzi 175, na uanze kuchungulia dakika ya 20. Pembeni pawe pameshika, katikati patikisike kidogo ukigusa trei. Choma kijiti cha meno katikati: kikitoka na uji, ongeza dakika 3, kikitoka na makombo yenye unyevu, toa mara moja. Kikitoka kisafi umechelewa. Trei yenyewe ina joto na itaendelea kuivisha ikiwa mezani.

Stima ikipotea, chukua sufuria kubwa yenye mchanga chini, weka trei juu ya mchanga, funika, kisha makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Sukari hii yote huungua chini haraka, kwa hiyo heri moto wa jiko uwe hafifu na usubiri zaidi.

Usikate zikiwa moto, najua utatamani. Zipoe saa 2 angalau, au zilale kwenye friji, halafu chovya kisu katika maji moto na ukipanguse kila unapokata.

Ukishaoka Jumamosi, nitumie picha ya kipande upande wa ndani, si juu, nione kama kina unyevu.

Mama yako