Jengo lasifiwa kwa uniti, watu wako chini ya mwembe

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu enzi tulipolisubiri stesheni lishuke na treni, na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Habari yenu ya juzijuzi kuhusu lile jengo jipya la ofisi hapa Tabora, eti ni la mfano kwa sababu linatumia umeme kidogo kwa kila mita ya mraba, imeniudhi. Mwandishi wenu alisoma mita ya umeme. Ndani hakuingia.

Mimi niliingia. Ilikuwa Oktoba, na Oktoba ya Tabora mnaijua. Nilikwenda kuhakiki karatasi za pensheni, nikapewa namba 41, nikakaa kwenye benchi la chuma mbele ya ukuta wa vioo unaotazama magharibi. Vioo vile havifunguki. Viyoyozi vya ukumbini vilizimwa kwa agizo la kubana matumizi, na feni hakuna hata moja. Ilipofika saa saba, binti wa dirishani alikuwa anajipepea kwa jalada la faili la mtu, na jasho la mkono wake likalowesha fomu yangu mpaka wino wa tarehe ya kuzaliwa ukasambaa. Saa nane makarani wakabeba mafaili wakahamia nje chini ya mwembe, nasi tukawafuata na namba zetu mkononi. Upepo ukapeperusha karatasi, wakaanza kuzikimbiza uwanjani, kazi ikasimama. Tukaambiwa turudi kesho. Mama mmoja aliyetoka Urambo alfajiri alikaa chini akalia. Nauli yake ya siku ya pili imeandikwa kwenye mita ipi? Na kabla ya hapo, nilipopanda ghorofani kutafuta choo, nilipita chumba cha mikutano kitupu, mlango wazi, kiyoyozi kinavuma. Mhudumu akanieleza kwamba rimoti anayo bosi, na bosi yuko Dodoma tangu Jumatatu.

Nimefanya kazi ya ufundi umeme miaka 31, kwa hiyo hesabu hii naijua. Kiyoyozi kinachovuta kilowati moja na nusu mfululizo, kwa siku ya kazi ya saa nane, kinakula uniti 12. Feni ya dari ya wati 75 kwa muda huohuo inakula uniti 0.6. Umeme wa chumba kile kisicho na mtu ungezungusha feni 20 pale ukumbini kutwa nzima.

Kugawa uniti kwa mita za mraba ni kupima sakafu. Wanaoijua elimu ya joto na starehe ndani ya majengo huwauliza watu. Povl Ole Fanger wa Denmark, mwaka 1970, alitoa hesabu ya kukadiria watu watasikiaje hali ya chumba kwa ngazi saba, kuanzia baridi hadi joto, na hesabu yake inakubali kwamba hata hali ikiwa nzuri kabisa, watu 5 kati ya 100 hawataridhika. Waliofuata wakaonyesha kwamba mtu anayeweza kujifungulia dirisha huridhika na joto kubwa kuliko aliyefungiwa. Sisi tulifungiwa, halafu tukahesabiwa kuwa tumebana matumizi.

Halafu kuna hili la miti. Upande uleule wa magharibi ilisimama miembe mitatu mikubwa. Ilikatwa ili magari yapate maegesho. Mji huu watu wameujua kwa miembe yake, na sasa kila anayejenga anaanza na msumeno. Nendeni Kwihara, hapo nje ya mji, kwenye tembe, ile nyumba ya udongo ya paa bapa, alilokaa Livingstone mwaka 1872, mwingie saa nane mchana. Mshike ule ukuta mnene wa udongo kwa kiganja. Waliojenga vile hawakuwa na mita, ila walijua nani atalala humo.

Ninachoomba ni hiki. Kila jengo la umma liwekewe kipimajoto ukutani, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, pasipopigwa jua, na daftari la kurasa 96 mlangoni. Saa nne, saa nane na saa kumi, mtu ahesabu waliomo, aandike joto, awaulize watu kumi: joto, sawa au baridi? Mwisho wa mwezi uniti zigawanywe kwa watu waliohudumiwa wakiwa ndani, siyo chini ya mwembe. Majibu yabandikwe mlangoni, na ninyi mtume mwandishi akayasome hapohapo, Oktoba, saa nane. Daftari la kwanza nimeshanunua, nitalipeleka Jumatatu.

Fundi umeme mstaafu,
Tabora