Dubai hadi Guangzhou: Soma Vizuri Saa za Tiketi Yako

Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, China, yanapokaribia, Aprili na Oktoba, wafanyabiashara wanaopitia Dubai hutuuliza sisi wauza tiketi: kutoka hapo hadi Guangzhou ni saa ngapi? Ni kama kilomita 5,800. Ndege ya moja kwa moja hutumia saa saba na kidogo kwenda, na saa nane na nusu hivi kurudi. Upepo ndio unaoleta tofauti hiyo. Kule juu zinakopita ndege unavuma kwa nguvu kutoka magharibi, kwa hiyo ukienda China unakusukuma, ukirudi unapambana nao.

Ila kinachowatia wateja wetu hasara ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi.

Tiketi huonyesha saa za mji husika, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne. Tuseme umeondoka Dubai 10:45 na kufika 22:00. Ukihesabu harakaharaka unaona saa kumi na moja na robo, kumbe angani umekaa saa saba na robo tu. Kurudi ndiyo inachanganya zaidi: unaondoka 00:15, unatua Dubai 04:45, mtu anadhani ni safari ya saa nne na nusu. Ni saa nane na nusu, kwa hiyo kula na ulale.

Halafu kuna saa zetu za Kiswahili. Tiketi ikiandika 02:30, macho yanasoma saa mbili na nusu asubuhi. Hapana, hiyo ni saa nane na nusu usiku! Na hiyo 00:15 ya tarehe 15 ni saa sita na robo, usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa uwe umefika tarehe 14 jioni, maana kaunta hufungwa kama saa nzima kabla ya ndege kuondoka.

Mama mmoja, mteja wetu wa vitambaa, alifika Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, tarehe 15 usiku, mabegi yamefungwa vizuri kwa kamba. Ndege yake, hiyo ya 00:15, ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia. Alitupigia simu analia, na kununua tiketi nyingine usiku ule kulimlia faida ya marobota mawili. Kosa lilikuwa letu pia. Tulimtumia tiketi kwenye simu bila kumweleza neno.

Kuhusu Dubai penyewe: ukinunua tiketi moja mpaka Guangzhou, mzigo kwa kawaida unapitilizwa, na kibandiko cha begi huandikwa CAN, yaani kifupi cha uwanja wa Guangzhou. Hakikisha pale kaunta. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, utalazimika kutoka, kuchukua mabegi na kuanza upya, na mwenye pasipoti ya Tanzania atahitaji viza ya Dubai. Hata hivyo kama unataka kupita Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, kununua bidhaa, viza utaihitaji tu.

Ukitua Baiyun saa nne usiku, mpaka upite uhamiaji na kupokea mzigo, saa sita inakaribia. Hoteli yako ya mtaa wa Xiaobei, hapo Guangzhou, iwe imelipiwa kuanzia usiku huohuo.

Siku hizi hatumpi mteja tiketi kabla hatujaandika juu yake kwa kalamu: "Jumanne jioni saa 3 uwe uwanjani, ndege usiku wa kuamkia Jumatano saa 6 na robo." Hata kama ulinunua tiketi kwingine, ilete, tutakuandikia bure.