Kiongozi wa wahandisi aufuate ujumbe hadi mwisho

Mhariri,

Nimeongoza wahandisi wanaowajengea watengeneza programu wenzao mifumo ya mawasiliano na akili mnemba, na naomba nafasi nitoe rai moja. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, lakini akili mnemba ikichomeka emoji moja tu, kikomo hushuka hadi 70, na ujumbe uliokuwa umejaa hukatwa vipande vitatu, kila kimoja kikilipiwa. Anayetunza seva peke yake halioni tatizo hilo, wala anayesanifu skrini. Hulibaini kiongozi anayeufuata ujumbe mmoja, kwa mikono yake, tangu hifadhidata hadi simu ya mpokeaji. Onyo kwamba ujumbe utakatwa vipande, basi, liandikwe waziwazi katika jibu ambalo mfumo humrudishia mtengeneza programu, kabla ujumbe haujatumwa.

Wako,
Mhandisi wa programu