Kabla ya Alhamisi

Swahiba wangu,

Hujambo, na wa kwako hawajambo? Sisi tu wazima. Mguu wa mama umepata nafuu, anatembea mpaka mlangoni na kurudi, huku akiitukana fimbo kana kwamba ndiyo iliyomwangusha. Najua nimekaa kimya tangu mwaka jana na una haki zote za kuninunia. Ila ninune baadaye, tafadhali, maana leo nina jambo na limenikaa kooni siku ya nne hii.

Unakumbuka uliniambia nisiingie kwenye bodi ya shirika letu kwa sababu tu nimeombwa vizuri? Basi niliombwa vizuri, nikaingia. Huu mwaka wa 3. Na sasa wanataka niwe mwenyekiti.

Usicheke. Au cheka kidogo halafu endelea kusoma, kwa sababu hilo la uenyekiti ndilo dogo.

Tangu mweka hazina wetu ajiuzulu mwezi wa 2 ninamshikia nafasi yake, "kwa muda tu," kama alivyosema mwenyekiti. Wewe unaijua "kwa muda tu" ya bodi inavyokuwa. Wiki iliyopita mhasibu akaniletea jalada la mwaka nilipitie kabla mkaguzi wa hesabu hajafika. Nikakaa nalo usiku mezani, taarifa ya benki upande huu, hati za malipo upande huu, mstari kwa mstari kama ulivyonifundisha: kalamu ya buluu kwa kilichokamilika, nyekundu kwa kisicho na kielelezo. Nikafika mwezi wa 11. Hundi moja imelipa mishahara ya wafanyakazi wote 6. Sawa, mishahara hulipwa. Lakini kwenye kitabu, fedha zimetoka kwenye fungu la wazee.

Fungu la wazee ni lile la kuwatembelea wanaoishi peke yao. Nauli za wanaojitolea, matengenezo madogo ya nyumba, kuwapeleka kliniki. Mfadhili alilitoa kwa barua yenye masharti, na barua yenyewe imo kwenye jalada hilohilo, kurasa chache tu kabla ya ile hundi. Akaunti yetu ni moja, fedha zote zinalala pamoja, na hapo ndipo watu wanapopotea: unatazama salio unasema tunazo, kumbe sehemu kubwa mwenyewe keshaiamulia kazi na wewe umeshikishwa tu.

Nikatazama nakala ya hundi. Saini mbili, kama taratibu zinavyotaka. Moja ya mratibu. Ya pili yangu.

Nikaapa kwamba sijawahi kuitia. Kisha nikaiangalia vizuri, nikaona mstari wake wa mwisho umekatika katikati, nikakumbuka. Mwezi wa 10, siku nilipokuwa naondoka kwenda kumwuguza mama, mratibu alinifuata na kitabu cha hundi. Akaniomba nitie saini karatasi 5 tupu ili shughuli zisisimame nikiwa sipo. Nilitia nimesimama, begi begani, kitabu nimekikandamiza ukutani. Ukiandikia ukutani kalamu hugoma. Ikagoma kwenye ya tatu, nikaitikisa, nikamalizia. Ndiyo hiyo.

Mwiba wa kujichoma, najua. Pole yako iweke.

Sasa kabla hujaanza kufoka, nisikilize: hakuna aliyeiba. Nimezungusha kila karatasi, hakuna hata senti iliyoingia mfukoni mwa mtu. Ruzuku ilichelewa, mwisho wa mwezi ukafika, watu wana watoto na kodi za nyumba, mratibu akachota palipokuwa na maji akitegemea kujaza mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha, ikaishia kwenye madeni mengine, fungu la wazee likarudishiwa kidogo na kiasi kikubwa bado hakijarudi. Na mratibu huyu nampenda. Ndiye anayefungua ofisi asubuhi na kufagia kwa mkono wake. Angekuwa mwizi ningelala usingizi, maana ningejua la kufanya.

Lakini matembezi ya mwezi wa 12 na wa 1 hayakufanyika, swahiba. Miezi miwili mizima hakuna aliyegonga hodi kwa wale wazee. Ripoti ya robo mwaka ikasema yameahirishwa "kutokana na changamoto za usafiri". Na mimi nilikuwepo kikaoni. Mwenyekiti aliuliza, kuna swali juu ya ripoti? Unajua nilikuwa nafanya nini? Natafuta miwani.

Hicho kikao nacho ngoja nikupe. Kwenye karatasi yenye nembo tuko wajumbe 9, akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao, ni 5. Siku hiyo tulikuwa 4, tukamsubiri wa tano karibu saa nzima. Ni yule ambaye gari tunalokodi ni la shemeji yake, yule anayesema kila mara "hapo kwenye gari mimi sisemi," kisha anabaki palepale kwenye kiti anasikiliza bei za wenye magari wengine. (Nimeshasema mara mbili kwamba kutamka maslahi hakutoshi, mtu anatakiwa atoke nje na muhtasari uandike kwamba alitoka. Nikaambiwa nina ukali wa walimu.) Basi akaja, akatia saini kwenye mahudhurio, akasema ana dharura, akaondoka. Tukapitisha bajeti ya mwaka tukiwa 4. Mwanasheria wetu hakuwepo, na hata angekuwepo, yeye hunyamaza mpaka mwisho, anasema "kisheria hapa pana hatari," anafunga mkoba. Hatari gani haijulikani.

Sasa sikia. Kuna binti tulimwingiza mwaka jana, ili bodi ionekane ina vijana, tusidanganyane. Tangu aingie hajawahi kuulizwa kitu isipokuwa kama projekta imewaka. Siku hiyo akanyoosha mkono, akauliza kwa sauti ndogo: "Samahani, kwa hiyo wazee walitembelewa au hawakutembelewa?" Mwenyekiti akamwambia swali zuri sana, tutalijibu kwenye mengineyo. Mengineyo yalipofika muda ukawa umekwisha. Dada wa maktaba, ambaye ndiye katibu na mwandiko wake unaujua, akaandika: ripoti ilijadiliwa kwa kina na bodi iliridhia.

Iliridhia nani? Wanne, mmoja anatafuta miwani.

Narudi kwenye hundi, maana sitoki hapo. Nilimpigia mwenyekiti asubuhi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, na hilo peke yake lilinitisha, kwa sababu huwa anakatisha. Kisha akasema, "Dada yangu, mwaka umeshafungwa. Mkaguzi huwa anachagua hati chache tu, huenda hiyo hata asiiguse. Tumalizane sisi kwa sisi." Funika kombe mwanaharamu apite, kwa lugha nyingine. Nikamwambia barua ya mfadhili imo ndani ya jalada. Akasema, "Majalada huwa na barua nyingi."

Na huyu si mtu mbaya, ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kupiga meza. Vikao vya kwanza vya shirika vilifanyika sebuleni kwake. Wazee wengine anawajua kwa majina ya wajukuu zao. Lakini katiba inasema vipindi viwili vya miaka 3, na yeye ana miaka 11 kwenye kile kiti, kila mkutano mkuu tunamwongezea kwa makofi kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana hana shukrani. Nadhani ugonjwa wetu wote uko hapo. Tunaheshimiana mno. Kila mmoja amekuja kwa kujitolea, hana posho, ameacha shughuli zake, sasa utamwuliza vipi mtu wa namna hiyo maswali ya risiti? Unaona kama unamtukana. Kwa hiyo tunapeana asante, tunafunga kikao, na huko nje kuna mtu kakaa mlangoni anasubiri hodi.

Ndipo wakanipa uenyekiti. Yaani katika simu hiyohiyo! Akasema amechoka, anataka kupumzika, na kwamba wajumbe wengi wananiona nafaa kwa sababu nina busara. Tangu siku hiyo natafuna hilo neno busara. Ananipa kiti kwa kuwa nimeona hundi, au ananipa kwa kuwa siku ile sikuuliza? Maana kama ni hilo la pili... Acha.

La kufanya ninalijua, usidhani sijui. Mfadhili aandikiwe sasa, kabla ya mkaguzi, aelezwe kilichotokea na tutarudisha vipi, au aombwe kubadilisha masharti kama atakubali. Iingie kwenye muhtasari kwa maneno yake halisi, si "changamoto". Na iamuliwe na bodi nzima, kwa sababu dhima ni yetu sote, hata ya wale ambao hawakujua. Hasa wao, maana tuliwekwa pale ili tujue. Mkaguzi naye aonyeshwe na sisi, asiigundue. Nimeandika barua mara tatu na kuichana mara tatu, kila mara nikifika kwenye sentensi ya nani alitia saini.

Kimoja nimekifanya. Zile karatasi 5 zilikuwa zimebaki 2. Nilikwenda ofisini, nikaomba kitabu cha hundi, nikachora mistari miwili juu yake na kuandika IMEFUTWA, na tarehe. Mratibu alikuwa amesimama ananitazama, ufagio mkononi. Hakuuliza kwa nini. Akasema tu, "Nilijua utakuja." Tukakaa. Akaniambia mwezi ule aliniandikia ujumbe akauliza, nami nilimjibu "fanya unavyoona inafaa, niko hospitali." Nimeutafuta kwenye simu. Upo.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipo. Mwenzangu, wewe ulikaa mweka hazina miaka 6 kwenye bodi yenu na ulitoka na marafiki uliowakuta, sijui uliwezaje. Lile suala la jenereta, ulimwambia nani kwanza, mwenyekiti au wote kwa pamoja? Na walikununia muda gani? Likifika kikaoni suala la hundi hii, mimi nikae au nitoke nje, maana saini ni yangu na siwezi kuwa hakimu wa mkono wangu? Nikitoka tunabaki na akidi kweli? Ujumbe ule wa simu niuweke kwenye jalada au nitaonekana najitetea, au nikiuacha nitakuwa namtupia mratibu mzigo peke yake? Na uenyekiti nikatae kwanza ndipo niseme, au niseme kwanza wao wenyewe waache kunitaka? Vipi kuhusu yule binti, nimpigie kabla nimwambie swali lake lilikuwa sahihi, au nitakuwa namwingiza kwenye vita visivyo vyake?

Na la mwisho ndilo nililotaka kuanza nalo ila nikaona haya. Nafasi ya mweka hazina iko wazi. Sikuombi vizuri, unaona? Ninakuomba vibaya kabisa, ukijua yaliyomo ndani. Kama hapana, basi nipe jioni moja ya Jumapili uje na kalamu zako mbili tupitie mwezi wa 10 mpaka wa 1, maana naogopa kuna kitu nimekiruka.

Kikao ni Alhamisi saa 10 jioni. Nimeshamwambia dada wa maktaba suala liwe agenda peke yake, juu, mara baada ya yatokanayo na kikao kilichopita, lisisukumwe tena kwenye mengineyo. Akauliza aliandikeje. Nikamwambia andika "Hundi ya mwezi wa 11". Akanyamaza, kisha akauliza kama nina uhakika.

Nipigie kabla ya Jumatano usiku, hata ukiwa bado umenuna.

Wako,
mtafuta miwani

N.B. Mama anakusalimu. Anasema mwavuli wako hajauona, halafu jana nimemkuta anautumia badala ya fimbo.