Mita ngapi zinakutosha? Kuchagua GPS na programu ya kupimia miti

Wateja wengi wakiingia dukani kwetu hapa Kampala huuliza kwanza: "GPS nzuri ni ipi?" Nasi huwarudishia swali: unataka kujua nini kuhusu miti yako? Mwenye ekari 50 za misonobari kule Nakasongola anataka ukubwa wa shamba. Mwenye kuorodhesha mivule na mituba iliyosalia ndani ya kahawa anataka mti mmoja mmoja. Kifaa kinachomfaa wa kwanza kinaweza kumpotezea fedha wa pili.

Chukua ekari moja. Ikiwa ni mraba, kila upande una mita 64 hivi. GPS ya mkononi, chini ya anga wazi, hukosea mita 3 hadi 5. Tuseme umezunguka mpaka na kila upande ukaangukia nje kwa mita 3: mraba wako sasa ni wa mita 70, na ekari yako imenenepa kwa asilimia 21. Kosa hilohilo kwenye ekari 50 halifiki asilimia 3. Ndiyo maana mwenye shamba kubwa tunamuuzia kifaa cha kawaida bila wasiwasi, na mwenye ekari moja yenye mzozo wa mpaka tunamshauri akodi RTK kwa siku moja. Hicho ni kipokezi kinachosahihishwa na kituo kingine kilichosimamishwa karibu, na mahali pa wazi hufikia sentimita chache. Kukinunua kwa kazi ya siku moja ni hasara, na tunamwambia mteja hivyo hata kama tunacho rafuni.

Misonobari ikipandwa mita 3 kwa 3, hektari moja inabeba miti 1,111. Hapo GPS ya mkononi haiwezi kuutenga mti na jirani yake, muuzaji aseme asemavyo. Bandika kibati chenye namba, andika mstari wa ngapi na mti wa ngapi, GPS ishike pembe za kitalu tu. Ukipima kwa sampuli, kifaa kikufikishe katikati ya duara la miti utakayoipima, kisha futikamba ichukue kazi: nusu kipenyo cha mita 12.62 kinakupa mita za mraba 500. Kipenyo cha shina kipime mita 1.3 kutoka ardhini.

Msituni mambo hubadilika. Ndani ya Mabira au Budongo majani hufunika anga, na mawimbi ya setilaiti hugonga mashina kabla ya kukufikia. Kosa la mita 4 huwa la mita 10 au zaidi, na majani yakiwa yameloa hali huzidi kuwa mbaya. Hapa ndipo tunapopendekeza kulipia kifaa kinachopokea mawimbi ya masafa mawili kutoka kila setilaiti, na kinachosoma mifumo ya setilaiti ya GPS, Galileo, GLONASS na BeiDou kwa pamoja. Simama dakika mbili tatu ukiache kifaa kikokotoe wastani. Antena ikipandishwa juu ya fimbo ndefu ya kushikia, afadhali. Anga ikigoma kabisa, chukua nukta kwenye uwazi ulio karibu, kisha pima kwa dira na futikamba hadi kwenye shina. Simu janja ikikuandikia "mita 4", elewa kwamba hayo ni makadirio: kwa Android, karibu kipimo kimoja katika vitatu huwa nje ya mita hizo.

Lakini makosa makubwa tuliyoyaona hayakutoka kwenye kifaa. Tulipoanza kazi hii tulichukua viratibu kwenye ramani ya zamani ya karatasi, tukaviingiza katika GPS iliyowekwa WGS84, mfumo wa viratibu ambao GPS huutumia. Tukatembea asubuhi nzima, tukaishia katikati ya mihogo ya mama mmoja ambaye hakuwa na mti hata mmoja wa kupimwa. Tulimwomba radhi, tukarudi kuisoma ramani pembeni kwa maandishi madogo: Arc 1960, mfumo wa viratibu wa ramani za zamani. Hapa Uganda mfumo huo na WGS84 hupishana karibu mita 300, hasa kaskazini na kusini. Tangu siku hiyo hatumkabidhi mteja kifaa kabla ya kuukagua mpangilio huo mbele yake.

Na sisi tumekaa juu ya ikweta. Mji wa Masaka uko nyuzi 0.34 kusini, ukisahau alama ya kutoa, nukta yako inaruka kilomita 75 hivi hadi kati ya Mityana na Mubende. Usizikate desimali pia. Ukibakiza tarakimu 3 baada ya nukta, kila hatua ya tarakimu ya mwisho ni mita 111; ukibakiza 5, ni mita moja na kidogo.

Kwa programu, anza na QGIS, ya kuchora na kuchambua ramani kwenye kompyuta, na QField, ya kukusanya data shambani kwenye simu. Zote mbili ni za bure na QField inafanya kazi bila mtandao, mradi picha ya setilaiti uwe umeipakua kabla ya kuondoka mjini. Tengeneza orodha ya miti ya kuchagua, usiwaachie vijana waandike wenyewe. Tumewahi kupokea mti mmoja ukiwa "musizi", "msizi" na "Musizi ", huo wa mwisho na nafasi tupu nyuma yake, na kompyuta ikahesabu aina tatu.

Ukija kwetu, njoo na ukubwa wa shamba, aina ya miti, na simu uliyo nayo tayari. Tutatoka pamoja hadi chini ya mwembe ulio nyuma ya duka, tuviweke vifaa viwili sehemu moja kwa dakika kumi, kisha tufungue ramani uone nukta za kila kimoja zimetawanyika kiasi gani.