Tuliomaliza dawa za TB tufundishwe na kuimudu pumzi

Mhariri salaam,

Kila mwaka ikikaribia Machi 24, siku ya TB duniani, magazeti yanaandika sana na lenu pia, ukikohoa wiki mbili kapime, dawa ni bure, meza mpaka umalize, yote sahihi kabisa na yameokoa watu nikiwemo mimi. Ila habari inaishia pale mtu anapomaliza miezi yake 6, makohozi yako safi, anaambiwa hongera mama umepona. Sasa sisi tuliopona lakini mapafu yamebaki na makovu, ukipanda ngazi pumzi inakata, ukioga pumzi inakata, mbona hatuandikiwi?

Kuishiwa pumzi sio kazi ya mapafu peke yake jamani. Kuna siku kile kidude cha kubana kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 96, yaani iko sawa, na wewe unahisi kabisa unakufa. Hofu ikishaingia unaanza kuhema harakaharaka juujuu, hewa ya mwanzo haijatoka unalazimisha nyingine iingie, kifua kinajaa, unabanwa zaidi, na hofu nayo inapanda. Ukishapigwa hivo mara kadhaa unaanza kuogopa kutembea, unakaa, misuli ya miguu inalegea, na misuli iliyolegea inataka hewa nyingi kwa kazi ndogo tu, kwahiyo baada ya muda hata kufika uani ni shida wakati mapafu ni yaleyale ya mwaka jana.

Kinachosaidia hapo ni mgonjwa kujua kuna kitu anaweza kukifanya yeye mwenyewe, sasa hivi, bila kusubiri mtu. Na sisemi habari za kupeana moyo, wataalamu wanalipima hili. Kuna dodoso la wagonjwa wa kifua lilitoka Kanada mwaka 1987, la dokta Gordon Guyatt na wenzake, lina maswali 20 na sehemu 4: kuhema, uchovu, hisia za moyoni kama huzuni na wasiwasi, na ya nne ni mgonjwa anajionaje, analimudu tatizo lake au linamuendesha, anaulizwa kabisa ni mara ngapi ameingiwa na hofu pumzi ilipokata.

Mimi alonifundisha ni fizio mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tena kwa bahati tu maana nilienda kwa ajili ya mgongo. Toa pumzi taratibu midomo umeibana kama unapuliza uji wa moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukibanwa kaa, inamia mbele, viwiko juu ya magoti, mabega yalegee. Jipepee usoni, pale kwenye pua na mashavu, upepo wa hapo unapunguza ile hisia ya kukosa hewa, hii imefanyiwa utafiti Uingereza kwa vifeni vidogo vya mkononi, na siku hizi vya kuchaji vinauzwa hata huku kwetu. Makovu hayajaondoka na hayataondoka, ila siku hizi pumzi ikikata najua naanzia wapi, na hiyo peke yake inanifanya nitoke nyumbani niende sokoni kwa miguu yangu.

Na ndugu zetu mnaotuuguza, naomba hapa mnielewe. Watoto wangu wananipenda mno, nikishika ndoo wananyang'anya, mama kaa utabanwa, nikisimama kuosha vyombo mjukuu ameshakimbia kuvichukua. Mwisho unakaa kwenye kiti kutwa nzima unasikiliza pumzi yako tu, na ukiisikiliza sana ndo inazidi kutisha. Niacheni nioshe nimekaa kwenye kigoda, nipumzike, niendelee, nikishindwa nitaita. Ila mtu akibanwa ghafla kuliko kawaida yake, au kifua kinauma, au anatema damu, hapo ni hospitali moja kwa moja sio mambo ya kupuliza.

Wenzetu Kampala walishafanya, waliwachukua watu wenye mapafu yalioharibika baada ya TB wakawapa wiki 6 za mazoezi na mafundisho, matokeo yakatoka 2017, watu walitembea mbali zaidi na kubanwa kukapungua. Kampala sio mbali hivo.

Kwahiyo ombi langu kwa wizara, ile siku mtu anachukua dozi yake ya mwisho kliniki, aulizwe vipi pumzi, na anayebanwa afundishwe haya hapohapo pamoja na ndugu yake mmoja wa nyumbani. Nesi anaweza, haihitaji mashine. Na kwenu Mhariri, Machi ijayo mkiandika habari za TB tengeni robo ukurasa mchore ile mikao ya kukaa pumzi ikikata, michoro mikubwa, wengi wetu macho nayo yameshachoka.

Ni mimi msomaji wenu, mwalimu mstaafu,
Tanga